Kangaruu juu ya mti: mjomba ameshindwa, lakini si kwa mbali

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mwanangu wa darasa la tano kaniletea video kwenye simu: kangaruu kakaa juu ya mti, anatafuna majani. Mjomba wake anasema hiyo ni kazi ya kompyuta, kangaruu ni mnyama wa kuruka nyikani, mtini hana shughuli. Nyumba imegawanyika. Wapo kweli? Kama wapo, walifikaje huko juu, wanaishije, na yule mtoto wa mfukoni haanguki? Mwanangu naye ana lake: wakishindana kupanda na mbega, nani atashinda? – Mama wa Muheza

JIBU: Marahaba, mama. Wapo, na mjomba atanisamehe. Tena si aina moja wala mbili. Wataalamu wanahesabu takriban spishi 14 za kangaruu wa miti. Mbili ziko kaskazini kabisa mwa jimbo la Queensland, Australia. Zilizobaki zote ziko kwenye kisiwa cha Guinea Mpya, ambacho upande wake wa mashariki ni nchi ya Papua Guinea Mpya na upande wa magharibi uko chini ya Indonesia. Jina lao la kisayansi, Dendrolagus, lilitolewa mwaka 1840 na maana yake kwa Kigiriki ni sungura wa mtini. Mimi sungura simwoni. Naona dubu mdogo aliyeazima mkia mrefu mahali fulani akasahau kuurudisha.

Lakini usimcheke mjomba, maana shaka yake ina msingi. Kangaruu anayemjua yeye ana mapaja makubwa, mikono mifupi kama ya mtoto, nyayo ndefu na mkia mnene wa kujiegemeza. Huo ni mwili wa kukimbia mahali pa wazi. Ukimpandisha juu ya mti, atakaa kama ng'ombe juu ya baiskeli. Kwa hiyo swali la mjomba, ukiliangalia vizuri, ndilo swali lenyewe: mwili wa ardhini ulifikaje juu?

Jibu ni kwamba ulirudi. Ukoo mzima wa kangaruu unatokana na wanyama wadogo wenye mfuko waliokuwa wakiishi mitini, mfano wa posamu wa Australia wa leo. Baadhi yao walishuka. Huko chini, kizazi baada ya kizazi, miguu ya nyuma ikarefuka, na kile kidole cha mguuni kinachokaa pembeni kama gumba, cha kushikia tawi, kikapotea. Yupo ndugu yao mmoja mdogo sana katika misitu ya Queensland, anatoshea kwenye kapu la sokoni, ambaye bado anacho kidole hicho. Wengine wote hawana. Kisha, muda mrefu baadaye, tawi moja la wale walioshuka likaanza kupanda tena. Vinasaba vinaonyesha kwamba ndugu wa karibu kabisa wa kangaruu wa miti ni wolabi wa mawe, wale kangaruu wadogo wanaorukaruka kwenye majabali na kingo za miamba. Anayeweza kusimama kwenye ukingo wa jabali wenye upana wa kiganja hana safari ndefu ya kufika kwenye shina lililoinama.

Wewe uko Muheza, utanielewa haraka. Pimbi anaota jua kwenye mawe, na binamu yake perere ndiye yule anayepiga yowe usiku juu ya miti ya Amani mpaka mgeni anadhani kuna mtu ananyongwa. Mmoja wa mawe, mmoja wa miti, ukoo mmoja. Si lazima safari zao ziwe zilifuata njia ile ile, lakini undugu wa aina hiyo si jambo la ajabu.

Kuna mahali Australia panaitwa Nullarbor, uwanda mkubwa mkavu kusini mwa nchi, na jina lenyewe linatokana na Kilatini, maana yake hapana mti. Ndani ya mapango ya uwanda huo wamechimbua mifupa ya kangaruu wa miti wa kale, wakubwa kuliko wa leo. Kangaruu wa miti, mahali pasipo mti! Hapo zamani ilikuwapo miti, nasi tumeijua kwa sababu mkaaji wake aliacha mifupa.

Sasa kwa nini apande? Sababu ni chakula, na nafasi iliyokuwa wazi. Ukiingia msitu wa Amani na kuinua macho, juu kuna wenyewe: mbega, kima, na wengine. Majani ya kule yana wateja. Guinea Mpya na Australia hazikuwahi kupata kima wala nyani waliofika wenyewe, kwa sababu kati ya huko na Asia kuna mikono ya bahari yenye kina ambayo haikukauka hata pale maji ya dunia yaliposhuka sana. Guinea Mpya na Australia zenyewe ziliwahi kuunganika kwa nchi kavu, ndiyo maana kangaruu wa miti wako pande zote mbili. Posamu na jamaa zao kuskusi walikuwapo mitini, ndiyo, lakini ile kazi ya mnyama mzito kiasi wa kukaa juu na kula majani mchana na usiku haikuwa na msongamano kama kwetu.

Kidole cha kushikia hakikurudi, hata hivyo. Alichokiacha chini hakukipata tena, ikabidi atafute namna nyingine.

Nilipokuwa masomoni Ulaya nilisimama nusu saa nzima mbele ya mmoja katika bustani ya wanyama, nikimsubiri ashuke. Alikuwa wa rangi ya kutu, mgongoni ana mistari miwili ya dhahabu sambamba, mkia una pete za rangi nyepesi. Huyo ndiye anayeitwa kangaruu wa Goodfellow. Kwanza aligeuka akaipa dunia mgongo na shina tumbo lake, kama mkwezi wa minazi. Akalikumbatia kwa mikono miwili, na hapo nikaona kwamba mikono hiyo si ile mifupi ya kangaruu wa nyikani: minene, mabega mapana, kucha nyeusi zimepinda kama ndoano. Kisha mguu mmoja wa nyuma ukashuka, ukapapasa, ukatulia. Halafu wa pili. Halafu wa kwanza tena. Alishuka kinyumenyume, mkia mbele.

Unaweza kuona ni jambo dogo, lakini hapo ndipo nilipoelewa mnyama huyu ni nani. Kangaruu wa kawaida akiwa nchi kavu hawezi kutupa miguu yake ya nyuma mmoja mmoja, inakwenda pamoja kama milango ya kabati iliyofungwa kamba. Huyu anaweza. Anatembea juu ya tawi hatua kwa hatua, mbele na nyuma. Na alipoinua unyayo niliuona kwa chini: mfupi, mpana, ngozi yake nene yenye vipele vidogo vidogo kama soli ya kandambili mpya. Ndiyo breki yake. Mkia hauna kazi ya kushika kitu, unaning'inia tu mrefu kama mwili wenyewe, nao ni wa kumpa mizani.

Alipofika chini, aibu. Alitembea kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake, ameinamisha kifua mbele ili mkia usimvute nyuma, akaruka miruko mitatu mifupi, akasimama kupumua. Mjomba angefurahi kuona hilo. Hapo kweli angesema: huyu si kangaruu.

Kuna jambo moja tu ambalo ukangaruu wake wa zamani umebaki nalo salama, nalo ni kuruka. Akihofia kitu hashuki kwa kukumbatia shina, anajitupa. Wameonekana wakiruka mita 9 kwenda chini kutoka mti mmoja hadi mwingine, na kujirusha hadi ardhini kutoka mita 18 bila kuumia. Mita 18 ni kama ghorofa ya sita. Mapaja yale ambayo mjomba anasema hayana kazi mtini ndiyo yanayopokea kishindo.

Maisha ya huko juu hayana haraka. Uzito wao ni kati ya kilo 5 na 15 hivi, kutegemea spishi, na sehemu kubwa ya siku utamkuta mmoja amejikunja juu ya tawi, kichwa kati ya mapaja, analala. Mvua ya kule si ya mchezo, na katika spishi kadhaa manyoya ya shingoni na mgongoni yameota kuelekea kinyume na ya wanyama wengine, hivi kwamba akiinama namna hiyo maji yanateleza yakaanguka, hayamwingii mwilini. Ameshonewa koti la mvua kwa mkao wake wa kulala. Wale wa milima ya Guinea Mpya, kunakokuwa na baridi na ukungu muda wote, wana manyoya mazito kweli.

Usingizi huo si uvivu, ni hesabu. Jani ni chakula cha maskini: nguvu kidogo, nyuzi nyingi, na mara nyingi sumu, maana mti nao haupendi kuliwa. Kangaruu wa miti ana tumbo kubwa lenye mikunjo ambamo vijidudu huyachachusha majani kabla hayajaendelea mbele, kisha mwili wake unatumia nguvu polepole sana. Na hapa kuna kitu kinachonifurahisha kila mara ninapokisimulia darasani. Mbega wako wa Amani ana tumbo la mpango ule ule! Undugu wao ni wa mbali hata kuliko ule alionao mbega na popo, lakini wote wawili, kila mmoja upande wake wa dunia, wamefika kwenye chungu kimoja cha kupikia majani. Kuhusu sumu, mbega wekundu wa Unguja kule Jozani wanajulikana kwa kutafuna mkaa ili kuipoza. Kangaruu wa miti wanafanya kwa njia nyingine: wanachanganya majani ya miti na mitambazi ya aina nyingi, wanaonja hapa na pale, na wanaongeza matunda, maua, kangaga, hata okidi. Hawana urafiki mwingi. Kila mmoja na eneo lake, jike na mtoto wake, dume akipita kuwatembelea majike.

Sasa mtoto wa mfukoni. Kwa kangaruu wa Matschie, ambaye ndiye aliyechunguzwa zaidi, mimba huchukua takriban siku 44, na hiyo ni ndefu kuliko ya mnyama yeyote mwenye mfuko anayejulikana. Pamoja na urefu huo anachozaa mama ni kitu kidogo kama punje ya maharage, kipofu, hakina manyoya. Kinapanda chenyewe kwa mikono kupitia manyoya ya tumbo la mama hadi mfukoni, kinadaka chuchu, na chuchu inavimba mdomoni mwake kiasi kwamba haiachii hata mama akiruka. Kwa hiyo katika miezi ya mwanzo, hata mfuko ungekuwa wazi, mtoto amefungwa kwa kinywa. Atakaa humo karibu miezi kumi. Baadaye anatoka na kurudi, anaingiza kichwa kunyonya, na humfuata mama mpaka afikishe kama mwaka na nusu, akijifunza ni jani lipi linalika.

Haanguki kwa sababu mlango wa mfuko unafunguka upande wa juu, kuelekea kichwa cha mama, na una msuli wa kuukaza kama kamba ya mfuko wa sukari. Sasa kumbuka yule niliyekueleza, aliyeshuka mkia mbele. Kichwa chake kilikuwa juu muda wote. Angeshuka kichwa chini kama kindi, mlango wa mfuko ungetazama ardhi.

Umeuliza wanaishije, basi nisifiche upande mwingine. Adui zao wa asili si wengi: chatu na tai, na huko Australia mbwa mwitu anayeitwa dingo akiwakuta chini. Aliyewamaliza ni binadamu na mbwa wake. Nyama ya kangaruu wa miti ni tamu, mnyama ni mkubwa kuliko karibu kila kitu kingine kilichopo msituni, na anazaa mtoto mmoja kwa muda mrefu. Jumlisha hayo matatu na bunduki, huhitaji daftari.

Katika milima ya Torricelli, kaskazini mwa Papua Guinea Mpya, kuna mmoja anayeitwa tenkile. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 alikadiriwa kubaki takriban 100 tu duniani kote. Wanavijiji wa huko walikubaliana kuacha kumwinda. Wale waliokuja kuwasaidia walikuwa na akili ya kutosha kujua kwamba mtu hali makubaliano, kwa hiyo waliingiza ufugaji wa sungura na samaki ili sufuria isikae tupu. Idadi imepanda tangu hapo. Ningependa kila mtu anayekuja vijijini kwetu na bango la hifadhi aanze na swali hilo la sufuria.

Katika nchi hiyo hiyo, upande wa rasi ya Huon, anakoishi yule wa Matschie, ardhi ni ya koo, si ya serikali. Mtafiti Mmarekani Lisa Dabek alianza kazi huko mwaka 1996, na mwaka 2009 koo zenyewe zilitenga sehemu za misitu yao zikaunganishwa kuwa hifadhi moja iitwayo YUS, herufi za mwanzo za mito mitatu: Yopno, Uruwa na Som. Ni zaidi ya hekta 70,000. Kila ukoo umebaki na ardhi yake, isipokuwa sehemu iliyotengwa haiwindwi. Wazee wenyewe wanaelewa faida: wanyama wakizaliana pale wanamwagika kwenye sehemu za kuwinda. Wanakijiji hao pia wanalima kahawa, na imefika mpaka Seattle, Marekani, kuuzwa.

Na huko milimani upande wa Indonesia kuna dingiso, mweusi mgongoni na mweupe tumboni, ambaye wanasayansi walimweleza mwaka 1995 tu. Wamoni wa maeneo hayo walimjua siku zote, na wengi wao hawamwindi kwa sababu wanamhesabu kuwa wa ukoo wao. Mbaiso, jina lake la kisayansi, ni neno la Kimoni, maana yake mnyama aliyekatazwa. Ajabu ni kwamba huyo hutumia muda mwingi chini. Karudi tena! Mwingine, wa milima ya Wondiwoi, alionekana na mwanasayansi Ernst Mayr mwaka 1928, kielelezo kimoja, kisha kimya cha miaka 90. Mwaka 2018 Mwingereza mmoja mpenda mimea, Michael Smith, alimpiga picha. Kwa hiyo mwambie mjomba kwamba hata wataalamu walikuwa wanabishana kama yupo.

Kama mwanao akipata bahati ya kusafiri siku moja, mahali rahisi pa kuwaona ni uwanda wa juu wa Atherton, Queensland. Huko misitu ilikatwa sana karne iliyopita kwa ajili ya ng'ombe wa maziwa, ikabaki vipande vipande, na aina mojawapo ya msitu uliobaki inaitwa msitu wa mabi, mabi likiwa jina la wenyeji kwa kangaruu wa miti wa Lumholtz. Madume vijana wakihama kutafuta eneo lao wanavuka malisho na barabara, na magari yanawagonga. Karibu na mji wa Malanda kuna shamba la chai ambalo wageni husimama pembeni yake kuwaangalia mitini. Chai upande mmoja, msitu upande wa pili, na mtu ameinua shingo: hiyo ni picha ambayo mtu wa Amani haimpi taabu.

Nimeacha la mtoto mwishoni. Kupanda, mbega anashinda, wala si mashindano. Atakuwa amefika kileleni, amekula, ameruka mti wa tatu, na mwenzake bado analikumbatia shina nusu ya njia, mguu mmoja kwanza, kisha wa pili. Lakini aseme mashindano ni ya kushuka. Mbega atatafuta tawi la kuangukia, na jingine chini yake, na jingine. Kangaruu atatazama chini mara moja, atajitupa kutoka ghorofa ya sita, atatua kwa mapaja yale yale ya nyikani, na atajikokota kuelekea mti mwingine.